Bati Tupu

Limefika! Ufito mmoja wa sentimita 30, unene wa penseli, gramu 110 kwenye mizani ya jikoni, na ubavuni umegongwa muhuri mdogo: Sn 99.9. Shemeji yangu ndiye aliyeubeba kwenye begi kutoka safarini, akanikabidhi kwa uso wa mtu aliyetumwa upuuzi.

"Shemeji, wenzako wanaagiza simu. Wewe umeagiza bati? Si ungepanda juu ya banda la kuku ukabandua?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana bila kujua alikuwa ameigusa siri yote. Juu ya banda la kuku hakuna bati. Juu ya nyumba yangu hakuna, na juu ya yako hakuna. Yale tunayoyaita mabati, yanayotupigia ngoma mvua ya masika ikianza, ni karatasi za chuma zilizopakwa zinki, siku hizi mara nyingi zinki pamoja na alumini. Bati lenyewe, elementi namba 50, ambalo baadhi ya vitabu vyetu huliita stani kwa kufuata jina la Kilatini, stannum, halimo. Nimeishi miaka arobaini na kitu chini ya mabati na sikuwahi kulishika bati hata siku moja. Mpaka Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, sebuleni kwangu Temeke.

Sasa nimelishika na sitaki kuliachia.

Kwanza rangi. Nilitarajia kijivu cha sufuria kuukuu. Wapi! Ni weupe wa fedha, na ukiuweka ufito kando ya kijiko cha mezani unaona una manjano kwa mbali, kama maziwa yaliyokaa na samli. Halafu uzito. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kingefika gramu 200 hivi, wakati alumini ya ukubwa huohuo ingeishia kwenye 70. Halafu ulaini, na hapa ndipo nilipoanza kupiga kelele peke yangu: ukucha wa kidole gumba uliacha mstari! Kwenye metali! Kisu cha mezani kikapita kama kwenye jibini ngumu.

Ila hayo yote ni salamu tu. Habari yenyewe ilianza nilipolikunja.

Nilishika ncha mbili, nikausogeza ufito sikioni, nikakunja taratibu. Krrr, kra, kra-kra, krrr. Mwanangu wa miaka tisa akaruka kutoka kwenye kochi: "Baba, linavunjika!" Halikuvunjika. Nikalinyoosha, likatoa sauti tena. Ni mlio mkavu, kama wa mtu anayekanyaga majani makavu kwa siri, nao unausikia kwa vidole kabla hujausikia kwa masikio. Wataalamu wanauita kilio cha bati. Ndani yake bati limejengwa kwa fuwele, na ukilikunja fuwele hizo haziteleziani kimyakimya. Zinageuka ghafla kwa mafungu, kila fungu likikaa kama sura ya jirani yake kwenye kioo, na kila mgeuko unapiga mtetemo wake. Risasi nayo ni laini, lakini uikunje utakavyo, imenyamaza.

Kila Mswahili anajua kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Bati tupu, ndugu yangu, hulia.

Nimewasikilizisha majirani sita, muuza maji na fundi wa bomba aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Ukikunja palepale mara nyingi, kilio kinafifia na mahali penyewe panapata joto. Jumapili ufito wangu ulikuwa umeshachoka kwa kuonyeshwa watu. Nikaamua kuuyeyusha.

Unajua inahitaji nini kuyeyusha bati? Jiko la mkaa na upawa wa chuma. Basi. Linayeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, karibu na pale mafuta ya alizeti yanapoanza kutoa moshi kwenye karai. Risasi inasubiri 327, zinki 420, alumini 660, na chuma kinavuka 1,500. Nilikata kipande nikakiweka kwenye upawa, nikapepea, nikatazama. Kwa dakika kadhaa hakikutikisika. Halafu kona moja ikalegea, kikajikunyata chote kwa mpigo mmoja, na pale palipokuwa na kipande pakawa na tone nene linalong'aa na kuteleza kama zebaki. Nilisimama nalo pale uani kama mtoto aliyekamata panzi.

Kalibu yangu ilitoka ufukweni. Lile gamba jeupe jepesi la dome, ambalo bahari inaliacha mchangani na wafuga ndege wanalichomeka kwenye tundu, masonara wamelitumia kumiminia vito tangu zamani, kwa kuwa linachongeka kwa kijiko na linavumilia moto. Nilichonga humo samaki mdogo, changu kwa nia ingawa si kwa sura, nikalianika juani siku nzima likauke kabisa. Hapo sifanyi mzaha: tone moja la maji likikutwa na metali iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kuirusha metali usoni pako, kwa hiyo watoto walikaa mbali. Nikamimina. Ndani ya dakika moja lilikuwa limeganda. Nikafungua, na kumbe ile mistari ya gamba imejichora ubavuni mwa samaki kama magamba yake mwenyewe. Sikuipanga. Nikaita watu tena.

Mke wangu, aliyevumilia moshi wa jiko kwa adabu kubwa, akauliza swali la haki: kitu laini hivi, kinachokatwa na kisu cha mezani, kina kazi gani duniani?

Nikamwambia, chukua sehemu moja ya hiki uchanganye na sehemu tisa au kumi za shaba, ambayo nayo ni laini. Unapata bronzi: mapanga, mashoka, ngao, enzi nzima ya historia ya binadamu. Mwaka 1982 mzamia sponji mmoja wa Uturuki aliona mzigo wa ajabu chini ya bahari karibu na Uluburun, kumbe ni jahazi lililozama karne ya 14 kabla ya Kristo. Waakiolojia wakatoa humo tani 10 hivi za shaba na tani moja hivi ya bati. Kumi kwa moja! Nahodha yule alikuwa amepakia bronzi kamili, imebakia kutiwa moto tu. Na ukizidisha bati likafika asilimia 20 na kitu, unapata metali ya kengele. Laini na laini zimeoana, zikazaa mtoto mgumu mwenye sauti.

Mke wangu akasema sawa, lakini upawa nitanunua mwingine.

Jumatatu nikampelekea samaki wangu fundi wa redio ninayemfahamu Kariakoo, mzee aliyewahi kunifufulia redio ya marehemu baba. Akampima kiganjani, akamgonga kwenye meza. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hii risasi unayolehemia ina nini ndani?"

"Risasi ni risasi, mwanangu."

Nikaomba ile rola ya waya, nikaigeuza kwenye mwanga. Kwenye karatasi yake iliyofifia pameandikwa Sn60 Pb40. Asilimia 60 bati, 40 risasi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akasoma mwenyewe mara mbili. Miaka yote ile amekuwa akiunganisha redio kwa bati akiliita risasi! Tazama uonevu huu: kule juu ya paa jina lake amepewa zinki, na huku mezani kazi yake inasifiwa kwa jina la risasi.

Na kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Bati peke yake linayeyuka kwenye 232, risasi peke yake kwenye 327. Utadhani mchanganyiko utaangukia katikati. Hapana. Ukichanganya bati asilimia 63 na risasi 37, vyote vinayeyuka pamoja kwenye 183, chini ya kila mmoja alipokuwa mwenyewe. Ndiyo maana fundi anagusa mguu wa kipuri kwa ncha ya moto, tone linakimbia, linakumbatia shaba, linaganda, na kipuri chenyewe hakijaungua. Ile harufu tamu ya moshi, ambayo kwangu ni harufu ya utoto, si ya metali. Ni ulimbo wa msonobari uliofichwa katikati ya waya ili usafishe shaba kabla bati halijafika. Simu yako haina hata risasi ile. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme, viwanda vimehamia kwenye lehemu ambayo bati ni zaidi ya asilimia 95, na fedha na shaba chembe tu. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huenda huko, kwenye vidoa vidogo vya kulehemu.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa. Nikaanza kulitafuta kila mahali.

Jikoni: kopo la nyanya. Weka sumaku, inanasa, kwa kuwa kopo ni chuma. Kilichokizuia chuma hicho kushika kutu ni ngozi ya bati ya mikroni moja hivi, wakati unywele wa kichwani mwako una mikroni 70 au karibu yake. (Kopo la soda sumaku hailitaki, lile ni alumini.) Peter Durand alipata hataza ya chombo hiki London mwaka 1810, na kwa zaidi ya miaka arobaini watu walifungua makopo kwa nyundo na patasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kutengeneza kifungulio. Nanasi la kopo ndilo linalonifurahisha zaidi: mara nyingi kopo lake huachwa bila rangi ya ndani makusudi, bati lijitoe mhanga polepole kwenye asidi ili tunda libaki na weupe wake. Ukishalifungua, hamisha nanasi kwenye bakuli, maana hewa ikiingia bati linayeyuka kwa kasi zaidi na ladha inaharibika.

Halafu nikakumbuka koroboi ya bibi, Muheza. Mwanga wote wa masomo yangu ya darasa la tatu ulitoka kwenye kibatari kile, na kilikuwa nini? Kopo la maziwa lililokatwa na fundi, likakunjwa na mshono wake kulehemiwa. Bati juu ya chuma, limefungwa kwa bati. Nilikuwa nalo usiku kucha, pua imejaa masizi, na nilikuwa sijui.

Chumbani: dawa ya meno. Soma maandishi madogo; baadhi zina floridi ya bati. Barazani kwa muuza kahawa: ukimkuta mwenye dele la shaba la zamani, omba uchungulie ndani. Weupe ule, kama bado upo, mara nyingi ni bati lililopakwa ili shaba isiingie kwenye kinywaji.

Na dirishani, jamani! Hapa nilibaki mdomo wazi. Kioo cha dirisha kimenyooka hivi kwa sababu kilizaliwa kikiwa kinaelea juu ya ziwa la bati. Kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza njia hiyo mwaka 1959: kioo kilichoyeyuka kinamiminwa kwenye bwawa la bati la moto, kinatandaa chenyewe kama mafuta juu ya mchuzi, kinapoa kikiwa njiani, na kinatoka upande wa pili kimenyooka pande zote mbili bila kusuguliwa na mtu. Kwa nini bati? Fikiria masharti ya kazi yenyewe. Anatakiwa mtu mzito kuliko kioo, awe bado kimiminika kioo kinapokuwa kimeshakakamaa kwenye nyuzi 600, wala asichemke kioo kinapoingia kikiwa kwenye nyuzi 1,000 na zaidi. Bati linayeyuka kwenye 232 na halichemki mpaka limevuka 2,500. Waombaji wengi wanaweza kurudi nyumbani. Na upande ule wa kioo uliogusa bati unabaki na kumbukumbu yake: ukimulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi unang'aa kwa ukungu mweupe, na mafundi wa vioo hutumia taa hiyo kujua upande upi ni upi.

Kilichonimaliza kabisa ni chipu. Chipu za kisasa kabisa, zile za simu za bei mbaya, zinachorwa kwa mwanga ambao taa ya kawaida haiwezi kuutoa, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mashine za ASML za Uholanzi zinaupataje? Zinadondosha matone ya bati, madogo kuliko unene wa unywele, 50,000 kwa sekunde, na kila tone likiwa njiani leza inalipiga mara mbili: kwanza kulitandaza kama chapati, kisha kulilipua. Mlipuko ule, wenye joto linaloupita uso wa jua mara nyingi, ndio taa yenyewe. Elfu hamsini kwa sekunde. Bati lilelile lililounguza upawa wa mke wangu.

Sasa nipunguze sauti kidogo, kwa sababu mapitio yanayosifu tu ni tangazo la biashara.

Bati lina kasoro. Likikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 linaweza kuanza kubadilika umbo, kutoka metali nyeupe kuwa unga wa kijivu usio na nguvu, na doa moja likianza linaambukiza jirani. Wajerumani wameiita tauni. Mabadiliko hayo ni ya polepole sana mpaka baridi iwe ya kugandisha kwelikweli, kwa hiyo sisi wa pwani tulale usingizi. La pili linakera zaidi: bati safi huota ndevu. Vinywele vya metali vinachomoza vyenyewe kwenye tabaka la bati, vinavuka kutoka waya mmoja hadi mwingine na kupiga shoti. Mwaka 1998 setilaiti ya Galaxy IV ilipozimika na mamilioni ya peja za Wamarekani zikanyamaza, ndevu za bati ndizo zilizotajwa kuwa chanzo. Risasi kidogo ilikuwa ikizizuia ndevu hizo. Tumeitoa risasi kwa sababu nzuri za kiafya, na ndevu zimerudi kuwasumbua mainjinia.

La tatu halihusu kemia. Bati hutoka kwenye jiwe zito la kahawia au jeusi liitwalo kasiteriti, na kasiteriti ni jirani yetu. Hapa Tanzania inachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera, na wachimbaji wadogo. Rwanda ipo. Na mashariki mwa Kongo, Bisie katika eneo la Walikale, kuna mojawapo ya miamba yenye bati nono kuliko yote inayochimbwa duniani. Miaka ya mwanzo ya 2000 vijana waliibeba kasiteriti ile mgongoni kupita msituni, na kila kizuizi chenye bunduki kilichukua chake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ikazitaka kampuni zieleze kama madini yao yametoka Kongo au kwa jirani zake, na magunia yakaanza kufungwa lebo zenye namba. Leo Bisie kuna mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, na bado Machi 2025 ulisimamisha kazi waasi wa M23 walipoelekea Walikale, ukaanza tena mwezi uliofuata. Ufito wangu una muhuri wa usafi, 99.9. Hauna muhuri unaosema ulitoka shimo gani, na niliukunja siku nzima kabla sijajiuliza.

Kwa hiyo hukumu yangu baada ya siku tatu: kama una uwezo wa kununua gramu mia moja tu za bati safi, nunua, na kabla hujalipa muulize muuzaji lilikochimbwa. Usilinunue la kupakwa. Chukua ufito, mwembamba wa kukunjika kwa mikono miwili. Kwa kulishika, nalipa alama kumi juu ya kumi. Kwa kuliyeyusha, kumi. Kwa ndevu nakata moja.

Ufito umekwisha, lakini samaki yuko juu ya meza yangu ya kazi. Ukipita Temeke, ingia. Mkia wake sijawaruhusu watoto kuugusa. Ukiukunja, bado unalia.